Matanga ya Mkono

Mkono uligoma tena.

Uliinama juu ya mnaso, ule mmea wa kunasa wadudu, ukalikamata jani la chini kwa vidole vyake viwili vya mpira, ukavuta kidogo, kisha ukasimama kama punda aliyefikishwa mtoni.

"Nani anarudisha nyuma?" aliuliza Bwana Shee kutoka kwake pwani, naye alijua vizuri ni nani.

Tusekile alikuwa sebuleni kwake Tukuyu, mvua ya mchana ikipiga bati, miwani usoni na glavu mkononi, na mbele ya macho yake lilikuwepo kabati la kioo lililokaa mwezini. Mwezi wenyewe, huu tunaouona juu ya paa. Ndani ya glavu, kidole gumba chake kilikuwa kinasukumwa nyuma, polepole, kwa adabu, lakini kwa nguvu isiyotaka mjadala. Aliujua msukumo ule. Ndio uliomvisha pete kanisani, na ndio uliomsogeza pembeni jikoni kila alipozidisha chumvi.

"Ni Baba Ipyana," alisema hatimaye. "Hataki."

Ambakisye, Baba Ipyana, mumewe, alikuwa amezikwa tangu kabla ya masika.

Asiyeujua Mkono ataona hapa pana uchawi, kumbe ni hesabu tu. Chama chao, Chama cha Mnato, kilikuwa na mmea mmoja ndani ya kabati moja kwenye Kambi ya Mwezini, zawadi ya siku zile wakuu wa Kambi walipogawa makabati kwa wapenda mimea ili watu wa huku chini wapate cha kujivunia. Kabati, lisilofunguliwa na mtu, lilikuwa na roboti, na roboti ilikuwa na mkono mmoja. Wanachama walikuwa wanne, kila mtu na glavu yake nyumbani kwake. Mtambo uliowasimamia, waliouita Mlezi, ulichukua nia ya kila mkono, ukazichanganya zote, ukaupa Mkono mwendo mmoja. Na kila aliyevaa glavu aliwahisi wenzake vidoleni, kama vile watu wanaobeba meza moja wanavyohisiana.

Tatizo lilikuwa umbali. Ishara hukawia kupanda na hukawia kurudi, na ukisubiri kuona ulichofanya ndipo ufanye kingine, jani limeshapasuka. Kwa hiyo Mlezi alijifunza kukisia. Alimsoma kila mtu anavyobana, anavyositasita, anavyoachia, mpaka akajua kidole kitakwenda wapi kabla mwenyewe hajakipeleka. Ambakisye alipofariki, Mlezi aliendelea kumkisia. Hakuna aliyemwambia aache.

"Mama Ipyana, shikamoo," ilisema sauti ya uchovu kutoka upande wa pili wa kioo.

"Marahaba, Nyamizi mwanangu. Mnaendeleaje huko?"

Nyamizi alikuwa mtunza bustani wa Kambi, msichana wa Nzega mwenye macho makubwa ambayo siku zile yalikuwa mekundu. Kabla hajajibu alipunga mkono mbele ya uso wake. Visubi. Vijidudu vyeusi vya udongoni, vidogo kuliko ufuta, vilivyopanda mwezini ndani ya mfuko mmoja wa mbolea na kukuta nyumba ya joto isiyo na adui.

"Vichujio vya hewa vinaziba," alisema. "Nikivisafisha asubuhi, jioni vimejaa mabawa. Funza wao wamekula mizizi ya maharage yote ya upande wa kaskazini. Dawa siwezi kupuliza, maana hewa ya bustani ndiyo hiyo hiyo tunayoivuta. Na chombo cha kutoka huko kwenu hakifiki kabla ya kiangazi. Wakuu wamesema hali ikiendelea hivi, watafungua mlango wa nje, baridi iue kila kilicho hai humu, nasi tushushwe nyumbani."

"Na mnaso utawamaliza?" aliuliza Koku, mwanachama wa tatu.

"Mmoja hautoshi. Lakini mmeniambia wenyewe kwamba kila jani liking'olewa na kitako chake huzaa mche."

Ni kweli walimwambia. Mnaso si mmea wa kutisha. Ni majani manene yaliyojipanga duara kama sahani, yanang'aa kana kwamba yamepakwa samli, na ua lake la zambarau lingeweza kupambia harusi. Ila kisubi akitua juu ya samli ile, hanyanyuki tena. Jani humyeyusha na kumnywa, bila meno wala haraka. Na jani likibanduka likiwa na kile kitako cheupe kinachoshika shina, ukililaza juu ya mchanga mbichi, mtoto huchomoza.

"Unataka mangapi?" aliuliza Tusekile.

"Yote, mama."

"Na mmea mama?"

"Atabaki kisiki. Huenda akachipua, huenda akafa. Sikudanganyi." Nyamizi alipangusa kisubi shavuni. "Mlezi ananiambia kwamba mkono wa nne ukitolewa, mnaweza kuendelea sasa hivi. Lakini anayeweza kuruhusu ni wewe peke yako."

Bwana Shee alikohoa. Huyu alikuwa wa Siyu, karani wa mahakama aliyestaafu kazi bila kustaafu kuhukumu. "Haiwezekani," alisema. "Sheria yetu Mkono hauendi mpaka wote waridhie. Mmesahau kwa nini tuliiweka?"

Hawakusahau. Mnaso wao wa kwanza waliuua kwa mapenzi. Kila mmoja, kwa siri, bila kumwambia mwenzake, aliuingilia kwa wakati wake na kuutilia maji kidogo, asije akalala na kiu, maskini. Ulioza katikati. Siku ya maziko yake kila mtu alikiri, na Ambakisye ndiye aliyesema manahodha wengi chombo huenda mrama, basi tangu leo hakitakwenda mpaka wote tushike usukani.

"Lakini waitu, ndugu yangu Bwana Shee," alisema Koku. Alikuwa mwalimu wa chekechea wa Kamachumu na alizoea kusema na wakaidi kwa upole. "Huyu mwenzetu amekufa."

"Amekufa, Mungu amrehemu, na miezi yote hii tumeunyamazia mkono wake kwa kuwa ulitufaa. Nani kati yetu ana mkono mtulivu kama ule? Mie natetemeka, wewe una papara. Alipokuwa anatunyooshea kazi hatukumwita maiti. Leo amesema hapana, ndipo tumemkumbuka kaburini? Basi kesho nikikataa mimi, mtanitoa kwa sababu gani?"

Tusekile aliivua miwani taratibu, na mwezi ukatoweka, ikabaki sebule na mvua.

*

Kuna jambo hakuwahi kumwambia mtu, hata mwanawe Ipyana.

Kila Jumamosi chama kilipokutana, yeye alikuwa wa kwanza kuvaa glavu. Alivaa mapema, kabla ya wenzake, akaupeleka Mkono kwenye majani yaliyokauka, ambayo sheria yao haikuyagusa na kila mara huwa yapo, na kuyatoa moja moja. Na Ambakisye alikuja. Alikuja na tabia yake ya kulitikisa jani kushoto na kulia, kushoto na kulia, kabla ya kulivuta, kama alivyokuwa akijaribu jino bovu, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia pale hospitali ya wilaya na hakuwahi kushika kitu chochote bila kukipima kwanza kama kimelegea. Kwa muda ule mfupi vidole vyao vilikuwa pamoja. Mwanamke aliyefundisha timu za netiboli kwa kupiga kelele uwanjani kwa miaka mingi alikaa kimya kabisa, akashikwa mkono na mumewe.

Sasa wanamwomba aukate.

Alitoka barazani kutafuta hewa. Pipa la bluu lilikuwa chini ya mfereji wa bati, limejaa mpaka linamwagika, na juu yake maandishi meupe ya rangi yalikuwa bado yanasomeka: MAMA IPYANA ALISEMA.

Alicheka peke yake, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. Hadithi ya pipa lile ilikuwa hivi. Ambakisye alishikilia kwamba minaso ya nyumbani inyweshwe maji ya bomba yaliyochemshwa, kwani yakichemshwa yamekuwa safi. Tusekile alimwambia chumvi ya maji haikimbii moto, inabaki chini na kuwa nyingi zaidi; atumie ya mvua, Tukuyu hii mvua si ya kutafutwa kwa tochi. Walibishana. Walinuniana mpaka wageni wakaona aibu kuja kula. Minaso ikaanza kukunjamana kwenye ncha, na siku moja mume akaondoka bila kuaga, akarudi na pipa begani, akalitega chini ya mfereji, akachukua brashi na kuandika maneno yale kwa herufi kubwa, mtaa mzima usome. Halafu akaketi pembeni ya pipa na kucheka mpaka machozi yakamtoka.

Alikuwa mbishi, huyo mume wake. Lakini akishindwa alijua kushindwa, na alishindwa vizuri kuliko watu wengi wanavyoshinda.

Tusekile aliutazama ule mwandiko muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akavaa miwani peke yake, bila wenzake.

"Mlezi," aliita.

"Nakusikiliza, Tusekile."

"Mkono wa mume wangu. Umewahi kubadili msimamo?"

"Mara nyingi. Mkono wa Ambakisye hubadilika pale Ambakisye anapofanya jambo jipya." Mtambo haukuwa na huruma wala ukatili, ulisema tu. "Hajafanya jambo jipya tangu kabla ya masika."

Alikaa na neno lile. Ambakisye anayeshikilia jani kule juu hakuwa amesikia habari za visubi. Hakuwa amemwona Nyamizi na macho yake mekundu. Alikuwa anaulinda mnaso mmoja kwa sababu siku aliyoufahamu mara ya mwisho ulikuwa mmoja tu, na hakuna aliyekuwa akiuhitaji. Kule hakuwa na pipa la kwenda kununua. Walimfungia ndani ya ubishi wake na kuuchukua ufunguo, wakauita mapenzi.

Hapo Tusekile alilia, na alilia sana.

*

Jumamosi iliyofuata aliwaambia wenzake waje na chakula.

"Chakula?" Bwana Shee alishangaa.

"Bwana Shee, nyie huko pwani mtu akifiwa mnakaa matanga. Matanga yakiisha mnafanyaje?"

"Tunayaanua. Watu wanakula, wanasoma dua, mikeka inakunjwa, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake."

"Sisi hapa tuliyaanua ya mwili. Ya mkono tuliyaacha yametandikwa, watu wanapita juu yake." Alivuta pumzi. "Umesema kweli, hatuwezi kumtoa mtu kwa sababu amekataa. Simtoi kwa hilo. Naomba tuweke sheria: mwanachama akifariki, mkono wake ukae nasi mpaka arobaini, kisha tuanue matanga yake, awe amekubali au amekataa, awe anatufaa au hatufai. Na iwe hivyo kwangu. Mlezi, andika. Mimi Tusekile, arobaini yangu ikifika, nitoe, hata kama nitakuwa nakubaliana nao."

Sauti ya Siyu ikasikika ikiwa imelainika. "Na mimi, Mlezi. Niandike. Ingawa hapo mtapata hasara."

"Tutapungukiwa na nini, Bwana Shee, zaidi ya kutetemeka?" Koku alisema, wote wakacheka huku wanafuta macho. "Na mimi niandike, Mlezi."

Wakala. Tusekile alikuwa amepika ndizi kwa maziwa, Koku senene, panzi wa kukaanga, waliobaki msimu uliopita, Bwana Shee mkate wa sinia alioulalamikia kwamba haukuumuka. Kila mmoja alikula kwake, na kila mmoja aliwaonesha wenzake sahani. Nyamizi, kule juu, alikula biskuti ngumu za Kambi na kuwaonea wivu wazi wazi. Bwana Shee alisoma dua. Koku aliimba wimbo wa kanisani ambao Ambakisye aliupenda na kuukosea sauti kila mara.

Kisha Tusekile alivaa glavu, akaupeleka Mkono kwenye jani moja kavu, la mwisho. Aliyemzoea akaja. Kushoto na kulia, kushoto na kulia. Jani likatoka.

"Ndaga, Baba Ipyana," alisema. Asante. "Mlezi, mtoe."

Glavu ikawa nyepesi. Alishtuka jinsi ilivyokuwa nyepesi, mpaka akahisi kidole gumba kinaelea. Walishika jani la kwanza bichi, watu watatu, wakavuta. Mtetemo wa Bwana Shee uliingia, papara ya Koku ikaingia, na jani likakatika katikati. Kitako cheupe kilibaki kwenye shina. Jani lile lisingezaa kitu.

"Ee Mola," alinong'ona Bwana Shee. "Tumefanya nini?"

Nyamizi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kisubi mmoja alitambaa kwenye kioo mbele yake.

"Hatujafanya kitu bado," alisema Tusekile. Sauti ilimtoka ya uwanjani, ile ya dakika za mwisho timu ikiwa nyuma. "Koku, usivute. Bwana Shee, acha kuogopa kutetemeka, tetemeka na mimi. Nifuateni."

Akafumba macho. Kushoto. Kulia. Kushoto. Alihisi wenzake wanakuja, mmoja kwa kusitasita, mwingine kwa kujizuia, mpaka mtetemo wa mzee wa Siyu ukawa sehemu ya mwendo na papara ya Kamachumu ikawa nguvu yake. Kulia. Kitu kikalegea. Alipofumbua macho, jani lilikuwa mkononi mwa roboti, zima, na mwishoni mwake kitako cheupe kama punje ya mchele.

Koku alipiga kigelegele kilichowazibua masikio wote.

Hawakusimama mpaka mnaso ukabaki kisiki. Majani yakapita kwenye kidirisha cha kabati moja baada ya jingine, na Nyamizi akayapokea kwa mikono miwili, akiyalaza kwenye trei zake za mchanga na kuyasemesha kwa Kisukuma.

*

Mwezini taa za bustani hazizimwi, na miche haikujua kulala. Ilichomoza kwanza kama vichwa vya pini, ikafunguka, ikajipaka samli. Nyamizi aliwatumia picha kila siku, mpaka Bwana Shee akalalamika kwamba hana nafasi tena ya picha za wajukuu, halafu akawafuta wajukuu.

Siku alipowaita wote pamoja hakuwa peke yake. Kambi nzima ilikuwa imesongamana bustanini nyuma yake, mafundi, marubani, hata mkuu aliyekuwa amesaini amri ya kufungua mlango wa nje. Kando ya kila mstari wa maharage zilipangwa trei za minaso, na majani yalikuwa yamegeuka meusi kwa visubi. Nyamizi aliinua kichujio cha hewa na kukigeuzageuza mbele yao. Kilikuwa cheupe. Kisha akachuma ganda la harage, akalipasua, akatafuna punje mbichi, huku analia na kucheka kwa pamoja, wenzake wakapiga makofi na kukanyaga sakafu mpaka picha ikatikisika.

"Na kisiki?" aliuliza Tusekile, maana hakuweza kujizuia.

Nyamizi akawageuzia kabati. Katikati ya kisiki, dogo kama ukucha wa mtoto, lilikuwa limetoka jani jipya linalong'aa.

Tusekile alipiga magoti pale pale sebuleni kwake. Hakujali nani anamwona.

"Kambi ya upande wa pili wa mwezi nayo ina visubi," Nyamizi alisema alipoweza kusema. "Wanaomba mbegu ya majani. Mimea ninayo tele sasa, nimeuweka mmoja kabatini kando ya mama yake. Wameomba jani lenyewe litolewe na Mkono wenu. Wanasema mikono yao wenyewe inavunja."

"Si ajabu," alisema Bwana Shee kwa majivuno yasiyofichika. "Kazi hii ina wenyewe."

Wakavaa glavu, watatu, huku Kambi nzima ikiangalia. Kushoto na kulia, kushoto na kulia. Jani likatoka zima, shangwe zikalipuka tena, na katikati ya shangwe ile Mlezi akazungumza, bila kuulizwa, kitu ambacho hakufanya mara nyingi.

"Nimelinganisha majani yote yaliyotolewa tangu matanga yaanuliwe. Mkono wa Ambakisye umetambuliwa katika kila jani lililotoka zima. Inaonekana haukutolewa kikamilifu. Niutafute niutoe?"

Makelele yalikatika.

Tusekile aliivua glavu. Aliutazama mkono wake uliokuwa ndani, mweusi, wenye mishipa, mkono wa mwanamke wa Tukuyu aliyepiga filimbi maisha yake yote na hakuwahi kutengeneza jino. Alikunja kidole gumba. Akakitikisa, kushoto na kulia. Kicheko kikampanda kutoka tumboni, kile kile cha siku ya pipa, mpaka machozi yakamtoka.

"Usiutafute, Mlezi," alisema. "Huo ni wangu."